Baada ya Sehemu ya Sita

Neno lililomponza Celestine lilikuwa sumu, na hakulitamka kwa mtu yeyote aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Alilitamka kwenye simu, saa nane na nusu mchana, katika chumba cha kupigia pasi juu ya paa, wakati nyumba nzima imelala baada ya chakula. Pasi alikuwa ameisimamisha pembeni. Kanzu nyeupe ya baba mwenye nyumba ilikuwa mezani, mkono mmoja umenyooshwa na mwingine bado una makunyanzi.

"Sasa sikia, Priscilla," alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti, mdomo umekaribia simu kama mtu anayepuliza uji. "Amemtilia sumu kwenye kahawa. Daktari amekunywa yote. Na hakuna mtu anajua, ni siri ya huyo aliyetia. Brigita akifika anampata mwenzake yuko chini, damu inamtoka puani, amelala kama maiti, na Brigita, yule askari mgumu tunayemjua, anapiga magoti..."

Mlango ulikuwa wazi, na Madam Nawal alikuwa amesimama hapo kwa muda ambao Celestine hakuujua. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, uso umekuwa wa manjano. Kwa siku mbili alikuwa akitapika. Daktari wa zahanati alimchukua damu na kumwambia ni kitu alichokula, asubiri majibu.

Madam hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Lakini Kiswahili na Kiarabu ni majirani wa siku nyingi, wameazimana vitu na havikurudishwa. Sumu aliielewa. Siri aliielewa. Damu aliielewa, na maiti pia.

"Nani maiti?" aliuliza kwa Kiarabu, taratibu.

"Mafi, madam. Hakuna. Ni filamu."

Madam alinyoosha mkono. Celestine akampa simu. Madam akamrudishia aifungue kwa namba ya siri, akaipokea tena, akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

*

Aliambiwa akae kwenye kiti cha jikoni na asiguse kitu. Tangu afike Riyadh, mwaka mmoja na miezi saba iliyopita, hakuwahi kukaa kwenye kiti kile zaidi ya muda wa kumenya vitunguu. Sasa alikaa kuanzia saa tisa mpaka karibu magharibi, mikono mapajani. Madam aliingia na glavu za mpira, akaubeba wali na kuku wa mchana na sufuria yake, akavitia vyote kwenye mfuko wa taka, akaufunga mafundo mawili. Ile sufuria Celestine alikuwa ameisugua asubuhi hiyo hiyo mpaka ikang'aa.

Baadaye akaja Lujain, binti wa nyumba, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alifungua friji, akachagua chupa ya maji ambayo haijawahi kufunguliwa, akaifungua, na kabla ya kunywa akainusa.

"Lujain," Celestine alimwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Mwambie mama. Ile ya polisi. Wewe unaijua."

Msichana alitazama mlangoni kwanza. "Mama hajui kama naiangalia," alinong'ona, akaondoka na chupa yake.

Ilikuwa tamthilia ya upelelezi, ya nchi fulani ya baridi ambako watu huvaa makoti hata wakiwa ndani. Lujain ndiye aliyemwachia Celestine tableti yake wakati wa kupiga pasi, mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa inachajiwa kule juu, mara ya pili kwa sababu aliona nguo zinanyooshwa vizuri zaidi picha zikicheza. Ndani yake mlikuwa na Inspekta Brigita, mwanamke aliyesalitiwa na mwenzake kazini na tangu hapo hamwamini mtu, na Daktari Ilona, mwanamke pia, mpasuaji wa maiti, ambaye alimletea kahawa kila asubuhi bila kuombwa wala kushukuriwa.

Celestine alikuwa akimsimulia Priscilla. Priscilla Wakesho wa Voi, waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini katika chuo cha mafunzo Nairobi, wakijifunza kutumia mashine ya kufyonza vumbi na kusema ndiyo kwa Kiarabu. Kisha wakatenganishwa. Celestine akapelekwa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, kwa Madam Nawal. Priscilla, ambaye visa yake ilitoka miezi mitano mapema, akapelekwa Jeddah, kampuni ya usafi, akasafishe makorido ya hospitali na kulala mtaa wa Kandara, chumba kimoja na wanawake watano. Simu ya Priscilla ilikuwa na kioo kilichopasuka na bando lake halikutosha picha. Sauti ilimtosha.

Sehemu ya sita iliishia Brigita akimwambia daktari, "Baki kidogo." Wiki iliyofuata Lujain alichoka na polisi, akahamia tamthilia nyingine ya wapishi, na tableti haikurudi kule juu. Celestine angeweza kusema imeisha. Lakini siku hiyo hiyo Priscilla alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: "Siku yangu yote ni mop na harufu ya dawa. Watu wananipita ni kama mimi ni ndoo. Nikifika hapa nikisikia sauti yako, ndio nakumbuka mimi pia ni mtu. Aki usichelewe na ya saba."

Celestine alifumba macho, pasi mkononi, akasema, "Sehemu ya saba."

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Sasa alikuwa amefika ya kumi na sita. Katika sehemu ya tisa alimfanya Brigita aombe msamaha. Katika ya kumi na mbili alimfanya alie mbele ya mtu. Mwenyewe hakujua anayatoa wapi. Kwao Butere alikuwa mtoto wa kula mwisho na kusema ameshiba, na katika ukubwa wake hakukumbuka mara moja aliyosema nataka, akaishia hapo, bila kuongeza lakini si lazima.

*

Baada ya swala ya magharibi aliitwa sebuleni. Madam alikuwa ameketi na blanketi miguuni, simu ya Celestine juu ya meza. Lujain alikuwa kwenye kona ya sofa. Mlangoni alisimama Justus, dereva, Mkamba wa makamo kutoka Mwala, amevua viatu, soksi moja ina tundu na amekikunja kidole kulificha. Baba mwenye nyumba alikuwa Dammam kikazi. Ikama, vibali vya kuishi nchini, za Celestine na Justus zilikuwa chini ya jina lake, lakini mambo ya watumishi aliyaamua Madam.

"Justus," Madam alisema. "Wewe ni Mkenya. Utaniambia neno kwa neno. Ukinidanganya, wewe na yeye mtaondoka kwa gari moja."

"Sawa, madam."

Madam alibonyeza. Sauti ya Celestine ilijaa sebuleni, ikicheka kidogo, ikiwa na furaha isiyofanana kabisa na mwanamke aliyesimama katikati ya zulia. Amemtilia sumu kwenye kahawa. Justus alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasimulia filamu, madam. Kuna daktari amewekewa sumu. Kuna askari anakuja kumwokoa."

"Lujain. Kuna filamu kama hiyo?"

Msichana aliona haya mpaka masikioni. Alitazama mikono yake, kisha akasema ndiyo, ipo, wanafunzi wote wanaiangalia, yeye aliiangalia kidogo tu.

"Na hiyo sumu ipo?"

Lujain alichukua simu yake, akasoma muhtasari wa sehemu zote, kidole kikipanda na kushuka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akijibu kama anavyojibu mwanafunzi. "Hapana, mama. Hakuna sumu. Hakuna popote."

Madam alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Basi sumu imetoka wapi?"

Kama Celestine angesema amekosea, angeulizwa amekosea nini. Justus alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na hofu yake mwenyewe.

"Kutoka kichwani kwangu, madam," Celestine alisema. "Lujain aliacha. Mimi nikaendelea. Nimetunga."

"Umetunga. Wewe?"

"Ndiyo, madam."

"Wewe unafua," alisema Madam, bila ukali, kama mtu anayerekebisha anwani. Akapanda juu kidogo, akabonyeza sauti nyingine.

Hii ilikuwa ya jana yake. Ndani yake hamkuwa na neno hata moja ambalo Madam angelitambua. Sauti ya Celestine ilikuwa chini, polepole. Ilikuwa ni Brigita kando ya kitanda cha hospitali, sehemu ya kumi na tano, daktari akiwa amevunjika mguu katika ajali. "Nimekuwa askari miaka kumi na minane," ilisema sauti. "Nimesimama mbele ya bunduki. Sijawahi kuogopa vile naogopa sasa, kukwambia nakupenda. Usinijibu leo. Jua tu."

"Anasema nini?"

Kabla Justus hajajibu, Celestine aliiona njia nzima mpaka mwisho: gari, kituo, karatasi asizoweza kusoma, na jina la Priscilla likiandikwa chini ya la kwake.

"Huyo askari, madam," Justus alisema, "anamwombea mgonjwa. Ni kama ndugu yake. Anamwambia apone."

Kabla Madam hajaizuia, simu iliendelea yenyewe na ujumbe uliofuata, na ikawa sauti ya Priscilla, pua imeziba kwa kulia. "Celestine. Nimelia mpaka hawa wasichana wananiuliza nani amekufa. Lakini nataka kuuliza. Hayo maneno ni Brigita anasema ama ni wewe? Kama ni wewe, sema tena, useme kwa jina lako."

Ujumbe huo Celestine hakuwahi kuujibu. Leo mchana alikuwa amejifanya hajausikia, akakimbilia sumu na damu.

"Na huyo ni nani?"

"Dada yake," Justus alisema haraka mno. "Yuko Jeddah. Anasema hadithi imemliza."

Madam aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mjinga, na alikuwa mgonjwa, na alikuwa peke yake na binti yake katika nyumba yenye watu wawili wanaozungumza lugha asiyoijua.

"Kama umetunga," alimwambia Celestine, "mwisho unao. Niambie. Sasa hivi. Nani ametia sumu?"

Mwisho hakuwa nao. Kila sehemu aliitunga pasi ikiwa inapata moto. Alisimama pale na harufu ya udi puani, akaanza bila kujua anakwenda wapi, Kiarabu chake kikichechemea, na kilipokwama alimtazama Justus naye akampa neno.

Alisema kwamba daktari alipoanguka, mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa mama anayechemsha kahawa pale kituoni. Kwa sababu kikombe kilipita mikononi mwake. Kwa sababu yuko jikoni. Wakamwekea karatasi mezani wakamwambia atie sahihi, naye hajui kusoma lugha yao. Wote walikubali kuwa ni yeye, ikawa rahisi. Brigita peke yake ndiye aliyeuliza: huyu mama amefanya kazi hapa miaka mingapi? Amewahi kumnyima nani chai? Aliuliza vikombe vingine vilikuwa wapi, na nani alikuja jikoni asiyekuwa na sababu ya kuja.

"Nani?" aliuliza Lujain.

"Mkubwa wao wa kazi. Kwa sababu daktari aliandika ukweli kuhusu maiti mmoja, na mkubwa alitaka aandike uongo."

"Na yule mama wa kahawa?" aliuliza Madam.

Celestine alifikiri. "Wanamwachia," alisema. "Lakini hakuna anayemwomba msamaha. Anarudi jikoni, vikombe vimejaa kwenye sinki, anaviosha."

Madam akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni mwa gauni lake, akasema, "Halas, basi. Nendeni."

*

Zahanati ilipiga simu kesho yake saa nne asubuhi. Celestine aliyasikia majibu akiwa ameshika ufagio koridoni: vijidudu vya chakula, vinavyotokana na kamba wa baharini, na wageni wengine watatu wa harusi aliyohudhuria Madam Jumanne walikuwa wamelazwa kwa jambo hilo hilo. Madam alicheka kwenye simu na mwenzake, akalaani kamba wa hoteli.

Kisha akaja koridoni. "Umesikia?"

"Ndiyo, madam. Alhamdulillahi."

"Najua si wewe." Alikuwa na haya kidogo, na haya zilimfanya aongee upesi. "Lakini sitaweza. Nikinywa chai nitafikiria. Mtu anayeweza kuwaza sumu namna ile, mpaka rangi ya damu, siwezi kumweka jikoni kwangu. Unanielewa? Mama yangu yuko Jeddah. Ana mpishi wake. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumtembeza. Utamalizia mkataba huko. Miezi mitano."

Jeddah. Celestine aliinamisha uso ili kisionekane kilichompitia. "Na simu, madam?"

"Siku ya kuondoka."

Siku ya kuondoka ilikuja baada ya siku kumi na moja. Siku zote hizo alipiga pasi kimya. Mara kadhaa alijikuta akiongea peke yake, kisha akanyamaza. Alijua kwamba Kandara kuna mtu aliyeuliza swali na hajajibiwa, na kwamba kila siku inayopita, kimya chake kinakuwa jibu.

Justus ndiye aliyempeleka kwenye basi. Njiani hakuwasha redio. Aliegesha nyuma ya kituo, akaitoa simu kwenye dashibodi, akaishika bila kumpa.

"Mimi ni mzee wa kanisa, Celestine. Unajua. Sitakuambia nilifurahia kile nilisikia."

"Najua, Justus."

"Usiniambie unajua. Nilidanganya mbele ya mtu ambaye akitaka, kesho mimi si dereva. Nina watoto wanne shuleni. Nilikuwa nimesimama pale nikasema, nikitoa hii kitu vile ilivyo, nimemuua huyu msichana kwa mdomo. Siwezi kuua mtu kwa mdomo. Ni hiyo tu. Usifikirie ni kukubali."

"Asante."

"Zifute. Zote. Nikiwa hapa naona. Madam amelala na hii simu siku kumi na moja, na mpwa wake ana rafiki wa Zanzibar. Tumeponea chupuchupu. Sitaki siku moja niitwe tena."

Zilikuwa sauti mia na tisini, zake na za Priscilla. Nyingine za Priscilla hazikuwa na maana yoyote: Priscilla akipiga chafya, Priscilla akigombana na muuza samosa, Priscilla akimwambia kuna mvua Jeddah, msikie, akanyamaza na kuacha mvua iongee. Celestine alizichagua moja moja kwanza, mpaka Justus akasema basi linaondoka. Ndipo alipozifuta zote kwa mkupuo. Justus alitazama pembeni alipoona uso wake. Alimshushia sanduku, akasita, akamwambia, "Ukifika unywe maji. Jeddah kuna joto baya." Akarudi kwenye gari.

Ndani ya basi alifungua mtandao. Ujumbe wa Priscilla ulikuwa umesubiri. Uko wapi. Uko sawa? Celestine nimekukosea? Niambie tu uko hai. Kisha siku tatu bila kitu. Kisha, jana yake: Nimeiona hiyo tamthilia. Charity wa chumba chetu amenipa simu yake wikendi nzima. Nimeiona yote.

Hakukuwa na kingine. Celestine aliandika kwamba yuko hai, simu ilichukuliwa, anakuja Jeddah. Alama mbili za buluu zilitokea. Priscilla alisoma, na hakujibu mpaka asubuhi, basi lilipokuwa likiingia mjini: Sawa.

*

Mama yake Madam aliitwa Hajja na kila mtu. Alikuwa mnene, mcheshi, goti moja bovu, na kila Alhamisi alasiri alikwenda Balad, mji wa kale, kwa mshonaji mmoja mwenye duka dogo chini ya nyumba ya zamani ya mawe, kushonesha nguo asizohitaji. Kazi ya Celestine ilikuwa kumshika mkono kutoka kwenye teksi mpaka dukani, na kusubiri nje. Alhamisi ya kwanza alimtumia Priscilla jina la duka na saa. Hakuandika zaidi. Alioga mara mbili siku hiyo na bado alijihisi ananuka hofu.

Priscilla alikuja na sare ya kampuni, ya kijani, kitambaa kichwani, amekonda kuliko alivyokuwa Nairobi. Alisimama hatua tatu mbali. Wachukuzi walipita katikati yao wakisukuma mikokoteni ya vitambaa. Kupitia kioo, Hajja alionekana akibishana kuhusu vifungo.

"Uko na dakika ngapi?" Priscilla aliuliza.

"Ishirini. Labda."

"Sehemu ya nane, daktari anapigwa risasi," alisema Priscilla. "Anakufa hapo hapo, kwa lami. Na kabla ya hiyo hawakuwa wameshikana hata mkono. Brigita anaenda kwa mazishi na miwani nyeusi, kisha anaendelea na kazi. Nikaangalia mpaka mwisho, nikitafuta hospitali. Nikitafuta ile siku ameomba msamaha. Nikasema labda niliruka. Nikarudia. Hakuna."

"Nilikudanganya."

"Hiyo nimeshajua. Mimi nilikasirika siku moja tu kwa sababu ya hiyo. Siku ya pili nikaanza kufikiria, kama hawa hawakusema, basi nani amekuwa akiniambia hivi vitu miezi miwili. Nikakuuliza, unakumbuka? Hata kabla nijue. Hukunijibu."

"Simu walichukua siku iliyofuata."

"Siku hiyo yenyewe ulikuwa nayo."

Ilikuwa kweli. Celestine alitazama chini, kwenye mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu. Alikuwa amefikiria maneno mengi kwenye basi, mazuri, ya kuweza kusemwa na Brigita. Yote yalimkimbia.

"Niliogopa," alisema. "Ni mimi. Kuanzia ya saba mpaka ya kumi na sita, kila kitu amesema ni mimi nilikuwa nakwambia. Nakupenda. Mimi Celestine."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei. Mpita njia asingegeuka. Priscilla aliinua ncha ya kitambaa chake, akajifuta jasho ambalo huenda halikuwa jasho.

"Naenda nyumbani Jumapili," alisema.

"Jumapili hii?"

"Mkataba umeisha. Walikuwa wanataka nisaini miaka miwili tena. Nikawa nawazungusha, leo naumwa, kesho kalamu haina wino, nikingoja unijibu. Siku ya kumi wakasema ni leo ama hapana. Nikasema hapana."

Celestine alifahamu ni siku gani. Siku ya kumi alikuwa anapanga soksi za baba mwenye nyumba. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa sawa. Ni sawa, usijali, nenda salama. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, lilikuwa limekaa hapo maisha yake yote.

"Si sawa," alisema badala yake. "Imeniuma. Nimekuja mji wako na wewe unatoka."

"Najua."

"Ngoja, sijamaliza. Nina miezi mitano. Nikimaliza sitasaini tena, hata wakiniongeza nini. Ningependa unipokee, kama utakuwa na nafasi." Alitikisa kichwa, akaanza upya. "Hapana. Nataka unipokee. Wewe, si binamu wala nani. Na sitaki kwenda Butere kwanza. Nataka kwenda kwenu kwanza."

Priscilla alimtazama kama anayemwona mtu aliyemsikia tu kwa miaka. "Kwetu watu wanauliza maswali," alisema. "Mama yangu anauliza. Mchungaji anauliza. Voi si hapa, lakini usifikirie ni mahali tutatembea tumeshikana mikono."

"Sifikirii hivyo."

"Huogopi?"

"Naogopa sana."

"Mimi pia," alisema Priscilla. Kisha, baada ya kupisha mkokoteni: "Mwezi wa tatu, tarehe ngapi?"

"Kumi na nne ndiyo mkataba unaisha."

"Asubuhi ama jioni?"

"Tiketi hawajakata."

"Wakikata, usinirekodie. Piga simu. Nataka kuongea na wewe ukiwa hapo unanijibu."

Mlango wa duka ulifunguka. Hajja alitoka kifua mbele, ameshinda vita vya vifungo, akanyoosha mkono hewani akitafuta bega la kuegemea. "Yalla, binti yangu," aliita. Celestine alienda, akauweka mkono ule mzito kwapani, akalipokea furushi. Walitembea polepole kuelekea barabara ya teksi, Hajja akimweleza yule mshonaji ni mwizi kiasi gani, naye akiitikia.

Kwenye kona aligeuka. Priscilla alikuwa bado amesimama palepale kwenye sare yake ya kijani, watu wakimpita kulia na kushoto, midomo yake ikicheza kidogo. Alikuwa akiirudia ile tarehe asije akaisahau.